Barua kutoka Ghorofa ya Nne

"Napinga," alisema mzee wa ghorofa ya nne. "Lifti ni anasa. Ngazi ndizo zinazotufanya tufahamiane."

"Monsieur anapinga kwa sababu hana mzigo," alijibu muuza maua wa ghorofa ya tatu. "Anayepandisha ndoo za maji kila asubuhi ni mimi."

"Ningekubebea, madame. Hujawahi kuniomba."

Darasa zima liliguna kwa raha. Karani wa mahakama, ambaye katika jengo hilo alikuwa mwokaji mikate, alipiga meza kwa kiganja. Mwalimu aliinua kidole ili asahihishe tamshi, kisha akakishusha. Hakutaka kuharibu.

Jengo lenyewe halikuwapo popote duniani. Lilichorwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani: ghorofa tano, madirisha marefu, mlango wa kijani. Mwalimu alikuwa ameliweka katika mji mmoja wa Ufaransa wenye mito miwili, na kila mwanafunzi wa darasa la Jumamosi alipewa makazi humo. Ukiingia darasani unakuwa mkazi. Unasema Kifaransa tu, hata wakati wa chai. Katikati ya juma unasikiliza habari za Ufaransa, na Jumamosi wakazi wanazibishania ngazini: umri wa kustaafu, mgomo wa wazoa taka, wakulima waliofunga barabara kwa matrekta.

Sheria kubwa ilikuwa moja. Mwalimu aliitaja siku ya kwanza na hakuirudia tena.

"Mkazi asifanane na anayemwigiza. Humu sote ni waongo. Mwenye kutaka kusema kweli akaiseme kwake."

Ndiyo maana fundi wa lifti, mwanaume mpole wa miaka arobaini, alikuwa mzee wa ghorofa ya nne, dereva mstaafu wa treni, tena mpinga lifti namba moja. Na ndiyo maana Plasta alikuwa muuza maua mwenye ulimi wa wembe. Nje ya jengo lile, Plasta alikuwa fundi wa meno bandia, na watu walimruka kwenye foleni akanyamaza. Jina hilo la utani alipewa na dada yake mkubwa, kwa kuwa kila jioni alirudi nyumbani na plasta, ule unga mweupe wa kuundia taya, chini ya kucha.

Kazi ya nyumbani ilikuwa barua. Mwalimu aliwapanga wakazi wawili wawili, na ghorofa ya tatu ikaangukia ya nne. Kila barua ilipitia mikononi mwake kwanza, kwa hiyo kila neno tamu lilifika likiwa limezungushiwa wino mwekundu.

"Madame," aliandika mzee, "asubuhi nilisikia maji yakimiminika chini yangu nikajua umeamka. Siku yangu huanza hapo."

Pembeni mwalimu aliandika: "Vizuri. Angalia viambishi."

Plasta hakuviona viambishi. Aliyaona maji, ndoo, na mwanga mwembamba wa asubuhi ukipita kwenye dirisha refu. Tangu hapo alilihamia jengo lile hata siku za kazi. Akikoroga plasta katika bakuli la mpira, redio ya simu ilimsomea habari za nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, na ukungu wa mto usio wake ulijaa karakana. Taya za plasta zilizopangwa kwenye rafu zilimtazama kama wanafunzi wanaongoja kutamka. Alizisalimu. "Bonjour," aliziambia, naye bosi wake akatikisa kichwa.

Nyumbani, dada yake alimtazama akitabasamu na simu.

"Nani huyo?"

"Jirani."

"Jirani gani? Jirani yetu ni yule mama mwenye mbwa."

"Wa ghorofa ya nne."

"Plasta, mdogo wangu, nyumba yetu haina ghorofa."

"Najua, dada."

"Ana mke?"

"Sijui."

"Ana watoto? Anaishi wapi? Anakula nini?"

"Hatuongei mambo hayo. Tunaongea Kifaransa."

"Kumbe!" Dada yake alishika kiuno. "Miezi saba mnaongea na hujui anaishi wapi. Basi hicho si Kifaransa, hiyo ni njozi."

Plasta alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Ni kweli hakuwahi kumwuliza yule fundi jambo lolote la kweli. Alihisi kama mtu aliyelala usingizi mtamu akasikia anaitwa, akajikunja upande wa pili.

Kisha ikaja barua ya mwezi wa nane wa darasa.

"Madame, leo inatimia miaka mitatu tangu mke wangu afariki. Bado kila asubuhi natoa vikombe viwili kabatini. Kimoja nakirudisha. Sijui kama ni mazoea au ni salamu."

Wino mwekundu ulisema: "Ubunifu mzuri mno! Hongera."

Plasta aliisoma mara tatu. Alimwandikia ujumbe kwenye simu, kwa Kifaransa kama kawaida yao.

"Umeniliza, monsieur. Unayatoa wapi haya?"

Jibu lilikawia.

"Kabatini, madame."

Alicheka peke yake. Mtu huyu ana kipaji, alijiambia, na kipaji kile kilimzidishia mapenzi.

* * *

Jumamosi iliyofuata kikao cha wakazi kilipooza. Hoja ilikuwa mgomo wa treni. Mwokaji alisahau maneno yake, wengine wakaanza kutazama saa. Mwalimu alimgeukia dereva mstaafu.

"Na wewe, monsieur? Unaunga mkono mgomo?"

"Sina uamuzi bado," alijibu. "Zamani mimi na mke wangu tuliamua pamoja."

Hapo ndipo Plasta aliposimama. Hakupanga. Muuza maua ndiye aliyesimama ndani yake.

"Mkeo?" alisema. "Monsieur, acha kuwadanganya majirani. Mkeo hajafa!"

Darasa lilizinduka.

"Nilimwona kituoni Jumanne. Amechoka kuongea na ukuta! Amevaa kofia nyekundu, ameshika sanduku, ananyata hivi..." Plasta alinyata kati ya madawati, magoti yamepinda, mkono mmoja umeshika kofia isiyokuwapo. "Nikamwuliza, madame, unakwenda wapi? Akaniambia, shhh! Nimepata dereva mwingine. Huyu wa sasa haongei kabisa!"

Kicheko kililipuka. Karani wa mahakama alijifuta machozi. Mwalimu mwenyewe aliegemea ubao. Plasta alimtazama mtu wake, maana kicheko alichokitaka kilikuwa kimoja tu. Mabega yake yalitikisika. Alikuwa ameufunika uso kwa viganja.

Halafu mabega yakatulia. Akafunga daftari, akachukua koti, akatoka bila kusema neno, si kwa Kifaransa wala kwa lugha nyingine.

"Ameenda kumtafuta mkewe!" alisema mwokaji, na watu wakacheka upya.

Plasta hakucheka.

Jioni ile alituma ujumbe: "Monsieur, nimekuudhi?" Haukujibiwa. Jumapili akatuma mwingine. Jumatano mwingine. Jumamosi kiti cha ghorofa ya nne kilikuwa kitupu, na mwalimu akamwambia aandikiane na mwokaji kwa muda.

Alivumilia hadi saa tano ya Jumatatu, katikati ya kazi, mikono ikiwa bado na unga mweupe. Akapiga simu. Ilipokelewa na sauti ya mwanamke.

"Haloo."

Plasta alikumbuka swali la dada yake: ana mke?

"Haloo? Sema, mwenzangu, nasikia."

"Samahani, mama. Namtafuta fundi wa lifti."

"Simu ameisahau mezani. Siku hizi anasahau kila kitu. Wewe nani?"

"Mimi... nasoma naye."

"Kifaransa?"

"Ndiyo, mama."

Upande wa pili kiti kilisogezwa.

"Wewe ndiye wa ghorofa ya tatu."

Plasta aliketi juu ya kigoda.

"Unanifahamu?"

"Nakufahamuje na sijakuona? Lakini kila Alhamisi mtu wangu anakaa hapa mezani na kamusi, anaandika, anafuta, anacheka peke yake. Nikamwuliza, unamwandikia nani? Akaniambia, mtu wa ghorofa ya tatu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa hujanisalimia, nikasema huyu kafunzwa wapi!"

"Nisamehe. Nilishtuka. Wewe ni mama yake?"

"Mama mkwe wake. Binti yangu ndiye aliyekuwa mke wake. Tulimzika miaka mitatu iliyopita. Watu walisema, atakuhama huyu, atatafuta maisha yake. Hakunihama. Mpaka leo ndiye anayenitolea kikombe changu na kikombe cha..." Sauti ilisita. "Haloo? Upo?"

Plasta alikuwepo. Alikuwa ametazama rafu ya taya, na taya zote zimeachama.

"Mama," alisema hatimaye, "kuna jambo baya nimelifanya."

Akamweleza. Hakupunguza kitu: kofia nyekundu, sanduku, kunyata, dereva mwingine.

"Sikujua, mama. Nakuapia. Nilidhani ameyatunga."

"Nimekusikia," alisema yule mama. Sauti yake haikuonyesha hasira wala msamaha. "Mimi si wa kuambiwa kabla yake. Yuko kwenye lile jengo jipya la ofisi za bima, karibu na uwanja wa michezo. Nenda ukamwambie yeye."

* * *

Plasta alijiandaa kwa njia pekee aliyoijua. Aliandika barua ya kurasa mbili, kwa Kifaransa safi, akaikagua kwa kamusi mpaka hapakuwa na mahali pa wino mwekundu. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alifika kwenye lile jengo. Kwenye mlango wa lifti palining'inia kibao: INAFANYIWA MATENGENEZO.

"Fundi yuko juu," alisema mlinzi. "Juu kabisa, chumba cha mashine. Ghorofa ya nane."

"Napandaje?"

"Kwa miguu, dada. Lifti ingekuwa nzima ungepanda nayo, lakini ingekuwa nzima usingemkuta huku."

Alipanda. Kufikia ghorofa ya tano alikuwa amesahau aya ya kwanza. Kufikia ya saba alikuwa amesahau zote. Alipousukuma mlango wa chuma alikuwa anahema kama aliyefukuzwa.

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu kubwa, ovaroli imejaa grisi, anapapasa kamba za chuma moja baada ya nyingine. Dirisha dogo lilimwangaza begani. Aliinua uso. Hakushangaa sana.

"Mama aliniambia utakuja."

Plasta alitoa karatasi zake mfukoni. "Cher monsieur," alianza kusoma.

"Hapana."

"Niruhusu nimalize. Nimeandika yote humu."

"Yule mzee hayupo hapa," alisema fundi. "Niko mimi. Kama una neno, niambie mimi, kwa Kiswahili."

Plasta alikunja barua. Kwa miezi minane alikuwa na maneno ya kumjibu mtu huyu kabla hajamaliza sentensi. Sasa aliyatafuta moja moja.

"Nimekosa," alisema. "Nimewachekesha watu juu ya marehemu wako. Nisamehe."

Fundi aliifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Hukujua."

"Ningekuuliza ningejua. Sikutaka kuuliza. Nilikuwa naogopa ukijibu nitaamka."

"Kosa ni langu. Mwalimu alisema tudanganye, nikashindwa. Nilijaribu kumtungia yule mzee maisha mengine, kila nikiandika natoka mimi. Halafu nikaona ni rahisi." Alitazama chini. "Kwa Kiswahili sikuweza kusema mke wangu amefariki. Neno lilinikaba hapa. Kwa Kifaransa nilijifunza neno hilo Jumamosi moja, kati ya bei ya tiketi na majina ya matunda. Halina mazishi ndani yake. Nikaliandika, na sikuumia."

"Kisha mimi nikaja kukuumiza."

"Sikuondoka kwa sababu hiyo."

"Ila?"

"Nilicheka."

Plasta hakuelewa.

"Ulipoanza kunyata na ile kofia," alisema fundi, "nilicheka. Si kicheko cha adabu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilimwona kabisa anatoroka na sanduku lake. Halafu nikajisikia ninavyocheka, nikajiuliza, wewe ni mtu gani? Unacheka na mwanamke mwingine juu ya kifo cha mkeo. Nikaona aibu ya kubaki pale. Nikaona aibu ya kurudi nyumbani pia, kwa mama yake. Juma zima sijamtazama machoni."

Kamba za chuma zilitulia kati yao.

"Mimi nina neno lingine," alisema Plasta. "Nitalisema haraka, kwa sababu nikisubiri sitalisema. Yule muuza maua ana ulimi, mimi sina. Ana maneno ya kila kitu. Mimi ninalo moja. Nakupenda. Si yule mzee. Wewe."

Aliposikia sauti yake katika chumba kile kitupu, alishangaa jinsi neno lilivyokuwa zito. Kwa Kifaransa alikuwa amelirusha mara ishirini kama karatasi.

Fundi aliliweka tambara juu ya gurudumu.

"Siwezi kukujibu hapa," alisema. "Nikikujibu kabla sijamwambia mama kwa nini sikumtazama, nitakuwa nimekujibu kwa kuiba. Jumapili, baada ya saa nane, njoo nyumbani."

"Na kama mama hatataka?"

"Njoo."

* * *

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, sakafu imepigwa deki mpaka inateleza. Mama mkwe alikuwa mwembamba, mrefu, na miwani yake ilishikiliwa na uzi. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke mwenye meno ya mbele yaliyoachana, anacheka. Plasta, kwa mazoea ya kazi, aliyaona meno kwanza. Akajilaumu.

"Unamtazama," alisema mama.

"Ndiyo, mama. Ana kicheko kizuri."

"Alikuwa na domo. Msibani kwa baba yake aliwachekesha wachimba kaburi." Aliketi, akawaonyesha wote wawili viti. "Huyu amenieleza jana. Ameongea tangu mchana mpaka jua linazama. Miaka mitatu hajaongea hivyo. Nimemsikia yeye, na wewe nilikusikia kwenye simu. Lakini kuna kitu sijakiona."

"Kipi, mama?"

"Hebu ninyatie."

"Mama!" Fundi aliinuka.

"Wewe kaa. Sijakuuliza wewe."

"Siwezi, mama," alisema Plasta. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mbele ya picha yake siwezi."

"Darasa zima limemwona mwanangu akitoroka, mimi mama yake nisimwone? Simama."

Plasta alisimama. Alipinda magoti. Alishika kofia isiyokuwapo, akanyata kutoka mlangoni hadi kabatini, akanong'ona kwa Kiswahili kilichotetemeka, "Shhh! Nimepata dereva mwingine. Huyu wa sasa haongei kabisa!"

Mama mkwe alimtazama bila kupepesa. Kisha kitu kilianza tumboni mwake, kikapanda, kikamtoka. Alicheka mpaka miwani ikadondoka ikaning'inia kwenye uzi. Alipiga paja. "Haongei kabisa!" alirudia. "Ndivyo alivyokuwa akinilalamikia! Mama, mkwe wako haongei!" Alicheka na machozi yakamtiririka, na hakuna aliyeweza kujua lini kicheko kiliishia na kilio kikaanza. Fundi alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Naye alikuwa anacheka. Naye alikuwa analia.

Plasta alibaki amesimama kando ya kabati, asijue aweke wapi mikono.

"Njoo hapa," alisema mama, akijifuta kwa upande wa khanga. "Nikuulize mbele yake. Unamtaka huyu mtu wangu?"

Muuza maua angepata jibu la kuchekesha. Plasta alimtafuta kichwani, hakumwona.

"Namtaka, mama."

"Na wewe?"

"Nampenda, mama," alisema fundi. Alisema akiwa bado amepiga magoti, lakini macho yake yalikuwa kwa Plasta. "Tangu zamani nampenda. Nilikuwa naogopa kukuacha."

"Nani kasema utaniacha? Mnadhani mimi nakwenda wapi?" Mama aliirudisha miwani puani, akawa tena mtu wa shughuli. "Binti, una wazazi?"

"Wamefariki. Nina dada yangu mkubwa."

"Basi mwambie dada yako Jumapili ijayo anisubiri. Nitakuja kuposa mimi mwenyewe. Kijana huyu hana mama mwingine wa kumtuma."

Plasta alitoka hadi barazani kupiga simu. Jua la alasiri lilikuwa limelainika, na mtaa mzima ulionekana kama umeoshwa kwa maji ya uvuguvugu.

"Dada, Jumapili ijayo usitoke."

"Kwa nini?"

"Kuna mgeni anakuja kuongea na wewe."

"Mgeni gani tena? Wa ghorofa ya ngapi?"

"Mama mkwe."

"Mama mkwe wa nani?"

Plasta aligeuka. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliwaona wote wawili wamekaa, vichwa vimekaribiana, wanabishana ni nguo gani mama atavaa.

"Wake," alisema. "Na wangu."